120 ya nini?

Juzi nilifungua faili la vipimo vya theluji nikakuta safu imeandikwa "kina", na chini yake 120, 85, 140, mamia ya mistari. Hakuna kingine. Ni sentimita za theluji, au milimita za maji yatakayopatikana ikiyeyuka? Tofauti ni kubwa mno. Theluji iliyoanguka sasa hivi kwa sehemu kubwa ni hewa. Jaza sufuria, iweke motoni, utabaki na maji kidogo tu chini. Aliyepima alijua alichopima, ila hakukiandika.

Kutunza data za theluji na barafu ndiyo kazi yangu, na wengi hudhani inataka diski kubwa tu. Diski ndiyo sehemu rahisi. Tazama Kibo, kilele cha juu cha Kilimanjaro. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, waliupima mlima kwa picha, na kazi yao ikatoa ramani. Barafu ilikuwa kama kilomita za mraba 12. Kufikia 2007 zilibaki pungufu ya 2. Ile asilimia 85 iliyopotea, tunayoitaja kila mara, imesimama juu ya ramani hiyo. Ingekosa skeli au mwaka, leo ingekuwa pambo la ukutani, na barafu ile hairudi tukaipime upya.

Barafu yenyewe pia ni kumbukumbu. Mwaka 2000 mtafiti wa barafu kutoka Marekani, Lonnie Thompson, na wenzake walitoboa Kibo, wakatoa nguzo sita nyembamba za barafu zenye vumbi na hewa ya kale, zikapelekwa Ohio, Marekani, kwenye vyumba vya baridi. Lakini mashine huharibika. Aprili 2017 huko Edmonton, Kanada, mitambo ya ubaridi ilikorofisha na sehemu ya hazina ya namna hiyo ikawa madimbwi sakafuni. Ndiyo maana nawasihi watafiti: mkishapima, toeni namba zenu mapema, ziwekwe zaidi ya mahali pamoja, kwa faili la maandishi ya kawaida ambalo kompyuta yoyote italifungua. Data iliyofungiwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja huzikwa naye. Inaniuma kila ninapoliona hilo.

Mwenye faili la 120 nilimpata jana kwa simu. Ni sentimita, alipima kwa fimbo yenye alama, kila siku saa moja asubuhi. Nimeyaandika yote juu ya safu ile, pamoja na jina la kituo na urefu wake kutoka usawa wa bahari.