Unataka kuja Dubai kutafuta maisha? Hizi dhana zitoe kichwani kwanza

Kila wiki kuna mtu ananiuliza inbox, eti Dubai kuzuri au kubaya, na siwezi kumjibu kwa neno moja kwa sababu kuna mtu yuko Marina, mtaa wa ghali, kampuni inamlipia nyumba, ada za watoto na tiketi ya kwenda kwao kila mwaka, na kuna mtu yuko kempu ya wafanyakazi ya Sonapur analala na wenzake rumu moja, na wote wawili wanaposti "Dubai". Kinachowatenganisha hao watu ni makaratasi, yani viza na mkataba. Mji ni huohuo, jua ni hilohilo. Kwa hiyo nimechukua yale ninayoyasikia sana nikayaweka hapa na ukweli wake, mazuri na mabaya, bila kumtisha mtu na bila kumpamba mtu.

"Huku hakuna kodi, kwa hiyo mshahara wote unabaki kwako"

Nusu ya kwanza ni kweli kabisa. Mshahara haukatwi kodi ya mapato, ukiandikiwa dirham 5,000 zinaingia 5,000. Na kuna uzuri mwingine watu hawautaji, dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, dola moja ni kama dirham 3.67, haipandi haishuki, kwa mtu anayetuma hela nyumbani hiyo ni raha kubwa.

Ila tangu Januari 2018 kuna VAT ya asilimia 5 kwenye vitu vingi unavyonunua, ukikodi nyumba Dubai kuna ada ya asilimia 5 ya pango la mwaka mzima inagawanywa na kuingizwa kwenye bili yako ya DEWA ya maji na umeme, ukiwa na gari kila geti la Salik, yani ushuru wa barabara, linakukata. Hizo bado ni ndogo. Kinachomla mtu taratibu bila yeye kujua ni jinsi mshahara wenyewe ulivyoandikwa.

Twende polepole hapa maana ndo penyewe. Mkataba unasema jumla dirham 2,500. Ukisoma ndani unakuta mshahara wa msingi 1,000 na posho 1,500. Mwisho wa mwezi huoni shida yoyote, 2,500 inaingia. Sasa siku unaondoka, kiinua mgongo chako kinapigwa kwa mshahara wa msingi peke yake, siku 21 za mshahara huo kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, baada ya hapo siku 30 kwa kila mwaka unaozidi. Siku 21 za mwenye msingi wa 1,000 ni dirham 700, kwa hiyo miaka mitano ya jasho ni 3,500. Mwenzako mwenye 2,500 hiyohiyo ila msingi wake umeandikwa 2,000 anaondoka na 7,000. Kazi moja, mshahara mmoja! Na siku za likizo ambazo hujazitumia ukilipwa wakati wa kuondoka nazo zinahesabiwa kwa msingi. Hata bima ya kupoteza kazi ambayo ni lazima tangu 2023 (unachangia dirham 5 kwa mwezi kama msingi wako hauzidi 16,000) inalipa asilimia 60 ya msingi, na haizidi miezi mitatu. Yani huyo wa 1,000 atapewa 600 kwa mwezi, kwenye mji huu.

Kwa hiyo ajenti akikwambia "wanalipa 2,500" usishangilie, muulize msingi ni ngapi, nyumba ya nani, usafiri wa nani. Na usidhani serikali imeweka kima cha chini kitakachokulinda, kwa mfanyakazi mgeni hakuna kima cha chini cha jumla kisheria, unalipwa kile ulichosaini.

"Nenda na viza ya matembezi, kazi utapata ukishafika"

Kutafuta kazi ukiwa na viza ya matembezi watu wanafanya, wengine wamepata, siwezi kudanganya. Lakini KUFANYA kazi na hiyo viza ni kosa, na tangu sheria ilivyorekebishwa 2024 mwajiri anayemfanyisha mtu kazi bila kibali anaweza kupigwa faini kuanzia dirham 100,000 mpaka milioni moja. Kwa hiyo kampuni inayojielewa haitakugusa, inayokukubali ni ile isiyojielewa, na ukifanya kwao mwezi wakagoma kukulipa unakwenda kulalamika ukiwa huna mkataba wala kibali. Alafu viza ikiisha kila siku unayozidisha ni dirham 50. Hesabu mwenyewe, siku 60 ni 3,000, na hapo hujala.

Na hii ya kulipa ajenti pesa ndefu "ya viza ya kazi" naomba tuelewane. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu (UAE) inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, iwe moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, viza na kibali ni mzigo wake yeye. Mtu anayekudai hela nyingi kabla hata hujaona barua ya ofa yenye jina la kampuni, jiulize anauza nini. Barua ya ofa halisi inapitia wizara ya kazi, MOHRE, na mkataba utakaosaini baadaye hautakiwi kukupunguzia kile kilichokuwa kwenye ofa.

"Ukifika tu wanachukua paspoti, unakuwa mtumwa wao"

Hii inaniuma kwa pande zote mbili, kwa sababu wanaoisema wengi wamemwona dada au ndugu amerudi akiwa hoi, na wanaoikataa wengi wanakaa maofisini.

Sheria inasema paspoti ni yako, mwajiri haruhusiwi kuishika. Sheria mpya ya kazi iliyoanza Februari 2022 inaruhusu kuacha kazi kwa notisi ya siku 30 mpaka 90 kulingana na mkataba na kuhamia kwingine, likizo ni siku 30 kwa mwaka, na wanaofanya kazi juani kuanzia Juni 15 mpaka Septemba 15 wanatakiwa kupumzishwa saa sita na nusu mchana hadi saa tisa. Mishahara ya makampuni inapitishwa kwenye WPS, mfumo wa kulinda mishahara ambao upo tangu 2009, kampuni ikichelewesha wizara inaona. Na ukilalamika MOHRE kama madai hayazidi dirham 50,000 wizara yenyewe inaweza kutoa uamuzi bila kukuzungusha mahakamani. Hizo ni silaha za kweli na watu wamezitumia wakalipwa.

Shida iko wapi sasa? Ukaazi wako umefungwa kwa yule aliyekuajiri, akiufuta saa inaanza kukimbia. Na ukiondoka kazini kimyakimya ukapotea zaidi ya siku saba mfululizo anaweza kukuripoti kwamba umetoroka, hapo hata kama yeye ndo mwenye makosa wewe ndo unaanza kujitetea. Kwa hiyo hata akikutesa usikimbie bila kupiga simu wizarani kwanza au ubalozini, ripoti yako itangulie ya kwake. Kama maisha yako yako hatarini toka, lakini nenda polisi moja kwa moja, usiende kujificha kwa rafiki.

Wadada wa kazi za ndani wana sheria yao, ya 2022, inawapa siku ya mapumziko kila wiki, masaa 12 ya kupumzika kwa siku na nane kati ya hayo yawe mfululizo, na paspoti kukaa nayo wenyewe. Karatasi ni nzuri. Lakini kazi yenyewe iko ndani ya nyumba ya mtu, geti limefungwa, hakuna wenzako wa kushuhudia, na simu wengine wananyang'anywa, kwa hiyo haki iliyoandikwa na haki inayofika jikoni ni vitu viwili. Wapo waliopata familia za heshima wakakaa miaka na wamejenga kwao. Mimi dada yangu akitaka kuja kwa kazi hiyo nitamwambia aje tu kupitia ofisi iliyosajiliwa pande zote mbili, nakala ya mkataba aiache kwa mtu nyumbani, na namba za ubalozi azijue kwa kichwa.

"Dubai ni tajiri wa mafuta, hela haziishi"

Mafuta ya Dubai yalipatikana 1966 na hayakuwa mengi kama ya Abu Dhabi, ndo maana walijenga bandari ya Jebel Ali na shirika la ndege la Emirates mapema. Leo mafuta ni sehemu ndogo sana ya uchumi wao, wanaishi kwa biashara, majengo, utalii na usafiri. Kwako maana yake ni kwamba dunia ikitikisika Dubai inatikisika haraka. 2009 miradi ya ujenzi ilisimama, 2020 hoteli zilifungwa, na watu walirudishwa kwao kwa maelfu. Ukipoteza kazi huku na haki ya kukaa inafuata, siyo kama nyumbani ambako utarudi kwa mama ukajipange. Weka akiba ya miezi mitatu kabla hujanunua simu mpya.

"Nyumba zipo, utapata tu"

Zipo. Fleti ya dirham 60,000 kwa mwaka, mwenye nyumba akikubali hundi nne, yani ulipe kwa mafungu manne, siku ya kwanza unaacha hundi ya 15,000, dhamana asilimia 5 ambayo ni 3,000, dalali kwa kawaida asilimia 5 nyingine 3,000, na dhamana ya DEWA 2,000. Hiyo ni 23,000 na bado hujanunua godoro. Ndo sababu wengi wetu tunakodi kitanda tu kwenye rumu, Deira, Satwa, au tunavuka kwenda Sharjah na Ajman kukodi kwa bei nafuu na kulipia kwa masaa ya foleni asubuhi. Vile vyumba vilivyogawanywa kwa jipsam vina hatari ya moto na mara nyingi haviruhusiwi, 2025 manispaa ilifanya msako Al Rigga, Satwa, Al Barsha na kwingine, watu wakatolewa na mabegi yao wakati walishalipa mwezi mzima. Kama jina lako halimo kwenye Ejari, usajili rasmi wa mikataba ya nyumba, huna cha kudai.

"Huwezi kuabudu, na mwanamke lazima ajifunike"

Hapana kwa yote mawili. Makanisa yapo, Oud Metha na Jebel Ali yanajaa, na mwanamke anavaa nguo zake kwa staha ya kawaida. Hili la usalama nalisifu kwa moyo wote, mdada anatoka shifti saa tano usiku anapanda metro, kuna behewa la wanawake na watoto, anafika kwake bila kugeuka nyuma.

"Ukiwa mpole huwezi kuvunja sheria"

Watu wapole wamekamatwa. Kumtukana mtu kwa voisi ya WhatsApp ni kesi. Kumpiga picha mtu bila ruhusa ukaiposti ni kesi. Na hili letu kabisa, msiba ukitokea tunafungua grupu la michango, kukusanya michango bila kibali huku ni kosa, pitia ubalozi. Dawa zenye kodeini au tramadol ambazo kwingine mtu anabeba tu kwenye begi, huku zinadhibitiwa na zinataka kibali.

Madeni nayo. Benki zitakupigia simu mwezi wa kwanza tu, kadi, mkopo, riba nafuu. Ukikosa kulipa unaweza kuwekewa zuio la kusafiri, yani mama anaumwa nyumbani na wewe unarudishwa pale airport. Na ukiacha kazi, benki inaweza kushikilia hela yako ya mwisho, pamoja na kile kiinua mgongo, mpaka deni liishe.

"Kila mtu analipwa kulingana na kazi yake"

Natamani iwe hivyo. Sheria inakataza ubaguzi wa rangi na asili kazini, lakini kwenye soko watu wawili wenye kazi moja na vyeti vinavyolingana wanapewa ofa tofauti kwa sababu ya paspoti, na Mwafrika mara nyingi ndo anapewa ya chini. Usikubali ofa ya kwanza, uliza mwenye nafasi hiyo analipwa kiasi gani.

"Nikikaa miaka mingi nitapewa uraia"

Karibu watu tisa kati ya kumi Dubai ni wageni na karibu wote wataondoka wakiwa wageni. Tangu 2021 kuna njia ya uraia kwa watu maalum, wanasayansi, madaktari, wawekezaji, ila huombi, unapendekezwa. Golden visa ya miaka kumi ni ukaazi, siyo uraia. Pensheni ya wenyeji haikuhusu. Familia unaweza kuileta ukiwa na mshahara wa dirham 4,000, au 3,000 na nyumba, na mtoto atakayezaliwa huku atachukua uraia wa wazazi na kuingia kwenye ukaazi wako. Wa kike unaweza kuendelea kumdhamini mpaka aolewe, wa kiume mwisho miaka 25, baada ya hapo naye anatafuta wa kumdhamini au anapanda ndege kwenda nchi ambayo pengine amewahi kuiona kwenye likizo tu.