Je, wajua kwa nini sumu ya panya haitoki kwa panya?

Nikiwa shule niliandika katika insha kwamba methali "sumu ya neno ni neno" ina maana kuwa maneno yana sumu, kwa hiyo tuchunge ndimi zetu. Mwalimu hakunikaripia. Alipiga mstari chini ya neno sumu kwa wino mwekundu, kisha akaandika pembeni: "Na sumu ya panya, hutoka kwa panya?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilikuwa nimeisoma methali kama mtu anayesoma "sumu ya nyoka": nyoka ana sumu, basi na neno lina yake. Usomaji huo unavutia, hasa kwa kuwa ni kweli maneno huumiza. Ila hebu ufuate hadi mwisho: sumu inayotoka kwenye neno ni neno. Ni sawa na kusema maji ya mto ni maji. Hakuna mzee aliyejisumbua kutunga methali ili aseme hivyo.

Sasa isome kwa macho ya panya. Sumu ya neno ni kile kinacholiua neno, na kinacholiua ni neno jingine. Mtu akikurushia kauli, mjibu kwa kauli, ngumi haihusiki. Ndivyo ilivyo pia "dawa ya moto ni moto", ambayo hata mtoto hawezi kudhani inahusu dawa itengenezwayo kwa moto. Hadi leo hukutana na watu wazima wanaoisoma methali ya sumu kama nilivyoisoma mimi, na huwa siwasahihishi haraka. Mwalimu wangu alinipa muda.

Mkorofi hapa ni kile kineno "ya". Kazi yake ni kufunga majina mawili pamoja, basi. Hakisemi yanahusiana vipi. Chukua picha ya mtu na mbuzi waliounganishwa kwa kamba. Kamba haikuambii ni nani anayemvuta mwenzake. Unajua kwa sababu unawajua mbuzi. Vivyo hivyo, "ya" katika sumu ya nyoka na "ya" katika sumu ya panya ni kamba ileile. Unayejua kwamba nyoka anang'ata na panya anategwa ni wewe, sarufi haina habari.

Na kamba hiyo huvuta kila upande. Sumu ya mshale haitoki kwenye mshale wala haiui mshale, imepakwa tu. Sumu ya mhogo mchungu imo ndani ya mhogo wenyewe. Sumu ya nyuki ndiyo ninayoipenda zaidi: akiitaja daktari mbele ya mgonjwa aliyevimba uso, imetoka kwa nyuki, akiitaja mfugaji wa nyuki anayemlalamikia jirani aliyepulizia shamba dawa, imewaua nyuki. Maneno ni yaleyale matatu, nyuki kwanza ni mshambuliaji kisha ni marehemu, na hakuna msikilizaji anayechanganyikiwa. Dawa nayo ina tabia hiyohiyo: dawa ya kikohozi huondoa kikohozi, dawa ya meno (tunashukuru) haiondoi meno, na dawa ya mbu kwa hakika si ya kumtibu mbu.

Asili ya neno tuipitie mbio. Sumu imetoka kwa Kiarabu, samm au summ, na huko umbo hilohilo hutumika pia kwa tundu la sindano, kama katika aya ya 40 ya sura ya 7 ya Kurani inayomtaja ngamia. Upande wa Kibantu, Wagiriama wa pwani ya Kenya huiita sumu ya mishale utsungu, neno ambalo kwa Kiswahili ni uchungu. Sisi tumebaki na ladha na maumivu, wao wakaendelea nalo hadi porini.

Katika mafumbo, panya ndiye anayetawala. Tukisema wivu ni sumu ya ndoa, au uvivu ni sumu ya maendeleo, tunataja kinachoua. "Sumu ya mapenzi" inaweza kwenda kote kuwili: kinachoyaua mapenzi, au mapenzi yenyewe yanavyomuua mtu. Usemi wa siku hizi, "mahusiano yenye sumu", umekwepa mtego kwa kuweka "yenye", ingawa kwa sikio langu bado unanukia tafsiri.

Kuna mahali ambapo utata huu si mchezo. Sumukuvu ni sumu inayozalishwa na kuvu, hasa kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafariki. Lakini mtu anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza, akiwa na panya kichwani, anaweza kabisa kudhani ni dawa ya kuulia kuvu, kitu cha kununua na kunyunyizia ghalani.

Huenda ndiyo maana istilahi za kilimo zimeikimbia "sumu ya" na kukumbatia kitenzi: kiuatilifu, kiuagugu, kiuakuvu. Hapo muuaji ametajwa waziwazi na kamba haihitajiki. Hospitalini nako dawa za kuua bakteria huitwa viuavijasumu, jina linalomaanisha viuaji vya visumu vidogo. Kwa hesabu ya panya, ukimeza kidonge kimoja umemeza sumu ya vijasumu. Kwa hesabu ya nyoka, afadhali usimeze.