Aliir Aliir kabla ya umaarufu: yanayosemwa na yaliyotokea

Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide, klabu ya mpira wa Australia, alizaliwa mwaka 1994 Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoko Turkana, Kenya, katika familia ya Sudan Kusini. Ndiyo maana watu wa kwetu wanapomtaja huanza na kambi na kumalizia na kambi. Mimi naona miaka yake ya mwanzo katika mpira wa Australia inasimuliwa vibaya, na kijana anayetaka kujifunza kitu kutoka kwake anapewa hadithi pungufu.

Kwanza, huo mpira wenyewe. Wengi hudhani ni ragbi kwa jina jingine. La. Uwanja ni wa duara refu kama yai, kila timu ina watu 18, na kila upande una milingoti minne. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya miwili ya katikati ni pointi 6. Ukipita pembeni mwake, 1. Kurusha kwa mkono hakuruhusiwi: unaushika kwa mkono mmoja na kuupiga ngumi kwa mwingine. Inatosha kwa sasa.

"Ni kipaji cha kuzaliwa, Waafrika wanaruka tu." Dhana hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu inamnyang'anya jasho lake. Aliir aliondoka Kenya akiwa mtoto mdogo, na mpira huu aliukuta Brisbane, mji wa mashariki mwa Australia. Alichezea klabu ya Aspley, kisha akahamia Perth, upande wa pili kabisa wa bara, akachezea klabu ya East Fremantle. Urefu anao, zaidi ya sentimita 190, na kuruka anajua. Lakini warefu wanaoruka wamejaa Australia.

"Kijana mzuri huchagua klabu anayoitaka." Hapana. Kila mwisho wa mwaka klabu za ligi kuu, AFL, huchagua vijana kwa zamu, na iliyoshika mkia hutangulia. Mchezaji husubiri tu jina lake litajwe. Mwaka 2013 Sydney Swans walimchukua Aliir akiwa wa 44. Alikuwa na miaka 19, ilhali wengi wa rika lake walichaguliwa mwaka mmoja kabla.

"Ukishachaguliwa, umefika." Hapa ndipo hadithi yake inapokuwa tamu, na ndipo inaporukwa. Mechi yake ya kwanza ya AFL ilikuja mwaka 2016. Misimu miwili mizima, 2014 na 2015, aliitumia katika kikosi cha akiba, kwenye ligi ndogo iliyokutanisha timu za kaskazini na mashariki. Mkataba wa kwanza wa kijana aliyechaguliwa wakati ule ulikuwa wa miaka miwili, kwa hiyo klabu ilibidi imwongezee muda kabla hajacheza hata dakika moja ya ligi kuu. Kuna vijana wengi ambao hawaongezewi.

Humo kwenye akiba alibadilishwa pia nafasi. Alikuja kama mshambuliaji, akafanywa beki. Watu husikia hivyo wakadhani ni kushushwa cheo. Katika mpira huu, ukidaka mpira uliopigwa kwa mguu angalau mita 15 kabla haujagusa chini, mchezo unasimama na unapewa nafasi ya kuupiga bila kubughudhiwa. Beki anayeudaka mpira uliokusudiwa mshambuliaji wa wapinzani huzima shambulizi lao na papo hapo kuanzisha la timu yake. Kazi hiyo inadai kuusoma mpira ungali angani, kujua lini umwache mtu wako na lini umng'ang'anie. Hayo hujengwa mechi baada ya mechi, mbele ya majukwaa yenye watu wachache.

"Goti la 2016 lilimmaliza." Msimu ule alicheza mechi 13, akawa miongoni mwa mabeki wa kutumainiwa. Katika nusu fainali dhidi ya Geelong akaumia goti. Sydney walishinda wakaingia fainali, naye akaikosa. Western Bulldogs wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1954. Mwaka 2017 alicheza mara chache tu, na hapo ndipo wengi walipofunga kitabu. Alirudi kikosini 2018, mwishoni mwa 2020 akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 aliteuliwa katika kikosi bora cha mwaka cha ligi nzima, akiwa na miaka 26 na kwa kazi ileile ya kudaka mipira ya wapinzani.

"Ndiye Msudani wa kwanza AFL." Heshima hiyo ni ya Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, aliyesajiliwa na North Melbourne mwaka 2009. Naye alisubiri: mechi yake ya kwanza ilikuwa 2013.