Riwaya ya mapenzi sio kila riwaya yenye mapenzi

Binamu yangu kamaliza mitihani mwezi uliopita, akaandika kwenye grupu la familia "naombeni riwaya ya mapenzi nipumzishe kichwa", haikupita dakika kumi kashapewa Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Kitabu kizuri sana, mimi mwenyewe nimekisoma mara tatu, lakini usiku wa tatu akanipigia saa sita sauti imemkauka, "dada, mbona Yasmin na Denge hawajaishia pamoja?" Nikamwambia mdogo wangu kitabu hakina kosa na wewe huna kosa, kakosea aliyekupa. Na hii imeshatokea mara nyingi mno, ndo maana leo naandika.

Riwaya ya mapenzi, au romansi kama wengi tunavyosema siku hizi, ni riwaya ambayo penzi ndo kisa chenyewe, na mwishoni wapendanao wanabaki pamoja, au angalau tunawaacha wakiwa na matumaini ya kweli. Basi. Chama cha waandishi wa romansi cha Marekani kilichoanzishwa 1980 kilishikilia hayohayo mawili. Kikikosekana kimoja kitabu kinaweza kuwa bora kuliko vyote ulivyowahi kusoma, ila romansi sio.

Sasa kinachoniuma ni kwamba Kiswahili chenyewe kimeshatuwekea hii tofauti mdomoni, hatuisikilizi tu. Kuna mchuzi wa samaki na kuna mchuzi wenye ndimu. Ndimu ukiisahau mchuzi unalika, utalalamikiwa kidogo mezani lakini utalika, samaki ukimtoa hapo umebakiza maji ya nyanya. Fanya hivyohivyo kwa kitabu. Vuta N'kuvute ukitoa penzi bado unayo Zanzibar ya mkoloni, unao vijana wanaodai uhuru wakiwindwa na polisi, unaye binti wa miaka 15 aliyeozwa mzee asiyemtaka, yaani kisa kitachechemea ila kitasimama. Nenda kwenye Pride and Prejudice ya Jane Austen ya 1813, mtoe Elizabeth na Darcy wake, unabaki na nini? Hiyo ya kwanza ni riwaya yenye mapenzi, hii ya pili ni riwaya ya mapenzi, na wala sijasema ipi bora.

Nakubali kwamba neno romansi lenyewe limechangia kutuchanganya. Limetoka Kifaransa cha zamani, na mwanzoni halikuhusu mapenzi hata kidogo, lilihusu lugha. Wasomi Ulaya walikuwa wanaandika Kilatini, sasa kitu kikiandikwa kwa lugha ya watu wa kawaida iliyozaliwa na hicho Kilatini, kiliitwa romanz. Visa vingi vilivyoandikwa hivyo karne ya 12 vilikuwa vya mashujaa wa farasi, mapanga, safari na mabibi wa kupendwa kwa mbali, kwahiyo jina la lugha likahamia kwenye kisa, na baadae sana likatoka kwenye kisa likabaki kwenye penzi peke yake. Wafaransa mpaka leo roman kwao ni riwaya yoyote ile, hata ya vita, ndo maana ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa wakisikia roman hawafikirii mapenzi, na wana haki. Hata riwaya yetu tumeipata kwenye Kiarabu, kwenye kusimulia na kupokezana habari, na mzizi huohuo una habari ya kunywesha maji mpaka kiu ikaisha, jambo ambalo mimi hulipenda sana kila nikilikumbuka.

Ahadi ya mwisho mwema imekuja kukazwa na biashara ya vitabu. Kampuni ya Mills & Boon walianza London 1908 wakichapa vitabu vya kila aina, ni kwenye miaka ya 1930 ndo wakajikita kwenye mapenzi, na vile vitabu vyao vidogo ambavyo mashangazi zetu walikuwa wakipokezana bwenini vilimzoesha msomaji kwamba hapa utateseka lakini hutaachwa njiani. Watu wanasema kama mwisho unajulikana raha iko wapi? Jamani, harusini kila mtu anajua bi harusi atatolewa, na bado akitolewa wote tunasimama kwa vidole vya miguu.

Vijitanzu, yaani aina ndogondogo za romansi, havibadilishi hilo, vinabadilisha nguo tu. Ukitaka ya kihistoria soma Night Song ya Beverly Jenkins (1994), mwalimu mweusi na mwanajeshi mweusi huko Kansas baada ya utumwa kuisha, na mambo ya hapo wengi hatukufundishwa. Ya kisasa, The Kiss Quotient ya Helen Hoang (2018), dada wa mahesabu mwenye usonji. Ya viumbe wa ajabu, Slave to Sensation ya Nalini Singh (2006), mwanaume anageuka chui, kitu ambacho kwa waliolelewa na hadithi za bibi wala hakiwashtui. Kimoja kina vumbi la Kansas kingine kina chui, ahadi ni ileile. Na kiasi cha mambo ya chumbani nacho sio kipimo, kuna romansi haina hata busu na kuna kitabu kimejaa chumbani mwanzo mwisho na sio romansi.

Binamu nimemtumia cha Jenkins, jana kaniuliza kama yule mwalimu atakubali, nikamwambia wewe soma tu, usiogope. Vuta N'kuvute endeleeni kuwapa watu, nawaomba tena muwape, ila mkiwapa muwaambie kabisa ni riwaya ya harakati, na humo ndani kuna penzi.