Krismasi: Dhana Tunazozibeba na Imani Tunayoikiri

Katika Misa ya usiku wa Krismasi kuna mahali pamoja ambapo mtu asiyezoea ibada yetu hushtuka. Waamini wamesimama wakikiri Kanuni ya Imani kwa sauti moja, kama wafanyavyo kila Dominika, lakini wanapofika kwenye maneno "akapata mwili kwa uwezo wa Roho Mtakatifu katika Bikira Maria, akawa mwanadamu", kanisa zima linapiga magoti. Wazee hushika mgongo wa benchi la mbele, akina mama wenye watoto wamewafunga kwa kanga hushuka taratibu wasije wakawaamsha, na kwa pumzi chache hakuna anayebaki wima. Dominika nyingine za mwaka, kwa maneno hayohayo, watu huinama tu. Kupiga magoti kumetengwa kwa Krismasi na kwa sherehe ya Bikira Maria kupashwa habari, tarehe 25 Machi.

Naanzia hapo kwa sababu mabishano mengi ya Desemba huzunguka mambo mengine: tarehe, mti, mapambo, Baba Krismasi. Baadhi ya mabishano hayo yanastahili jibu la kweli na nitalitoa kadiri nijuavyo. Hata hivyo, anayetaka kujua Wakristo wanaadhimisha nini hasa, na atazame ni maneno gani yanayowapigisha magoti.

"Krismasi ni siku ambayo Yesu alianza kuwapo"

Hii ndiyo dhana nzito kuliko zote, na wanaoibeba zaidi ni sisi Wakristo wenyewe. Tunapowakusanya watoto na kuwaambia kwamba leo tunasherehekea siku ya kuzaliwa kwa Yesu, kisha tukakata keki na kuimba, hatujawadanganya, ila tumewapa sehemu ndogo ya habari na kuwaacha waamini kuwa ndiyo yote. Mtoto mwingine yeyote anapozaliwa, mtu ambaye hakuwapo sasa yupo. Imani ya Kikristo haisemi hivyo kuhusu mtoto wa Bethlehemu. Mwanzoni mwa karne ya 4 padre mmoja wa Aleksandria aitwaye Ario alifundisha kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwapo, na maaskofu waliokutana Nisea mwaka 325 wakalikataa fundisho hilo kwa maneno ambayo hadi leo tunayatamka: "aliyezaliwa bila kuumbwa".

Liturujia yenyewe hufundisha jambo hilo kwa namna ambayo wengi hawaigundui, kwa kuwa huhudhuria Misa moja tu. Katika Misa ya usiku husomwa Injili ya Luka, yenye safari ya kwenda Bethlehemu, hori na malaika. Alfajiri wachungaji hufika na kumwona mtoto. Lakini katika Misa ya mchana hatusikii habari ya mtoto wala ya wachungaji wala ya nyota. Padre husoma mwanzo wa Yohana: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno." Na kilele cha somo hilo ni mstari wa 14: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Kitenzi cha Kigiriki kilichotafsiriwa "akakaa" kimetokana na neno hema, kana kwamba Yohana anasema alipiga hema lake katikati yetu. Kwa wasikilizaji waliolijua lile hema la jangwani, ambalo utukufu wa Mungu ulilijaza mbele ya Waisraeli, maneno hayo yalikuwa mazito mno, kwa maana hema sasa ni mwili wa mtu, mwili unaosikia njaa, unaolala usingizi na unaoweza kujeruhiwa. Jambo hilo ndilo Kanisa huliita Umwilisho, na kwa Mkristo maana yake ya kiroho ni kwamba Mungu hakutuokoa kwa kutuma ujumbe kutoka mbali. Aliingia mwenyewe katika hali yetu, tangu tumboni.

Kwetu sisi tunaoishi nyumba kwa nyumba na Waislamu, dhana hii ina pacha wake. Jirani anaposikia "Mwana wa Mungu" hudhani kwamba Wakristo wanasema Mungu alizaa kwa jinsi ya kimwili, kama wanadamu wazaavyo. Kanisa hulikataa wazo hilo bila kusita. Neno "Mwana" hutaja uhusiano wa milele ndani ya Mungu mmoja, usio na ndoa, usio na mwanzo. Waislamu nao wanakiri kwamba Maryamu alimzaa Isa akiwa bikira, na Sura ya 19 ya Kurani inaitwa kwa jina lake; tunachotofautiana ni juu ya huyo aliyezaliwa kuwa nani. Tofauti hiyo ni kubwa na haifai kufunikwa, lakini ni heshima kwa pande zote mbili kwamba tutofautiane juu ya kile ambacho kila mmoja anakiamini kweli.

"Tarehe 25 Desemba ni ya kipagani, kwa hiyo sikukuu yote ni ya kipagani"

Ni kweli kwamba Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Ni kweli pia kwamba Wakristo wa kwanza hawakukubaliana: karibu na mwaka 200, Klementi wa Aleksandria aliandika kwamba wapo waliokuwa wakiitaja siku inayolingana na 20 Mei. Kumbukumbu ya zamani zaidi tuliyo nayo ya kuadhimisha tarehe 25 Desemba inatoka Roma, katika kalenda iliyokusanywa mwaka 354. Kabla ya hapo, mwaka 274, Kaisari Aurelian alikuwa ameweka wakfu hekalu la Jua Lisiloshindwa mjini humo, na wanazuoni wengi wamehisi kwamba Kanisa liliiweka sikukuu yake juu ya ile ya jua. Wengine wanaeleza kwa njia tofauti: kulikuwa na mapokeo kwamba Yesu alitungwa mimba tarehe 25 Machi, siku ileile ya mwaka ambayo walihesabu kuwa alisulubiwa, na ukiongeza miezi tisa unafika 25 Desemba. Hoja hizo mbili bado zinashindanishwa, na anayesema kwamba jambo limekwisha kuamuliwa upande wowote anasema zaidi ya ushahidi.

Hatupaswi kuficha kwamba kishawishi cha kuabudu jua kilikuwapo. Katika karne ya 5 Papa Leo Mkuu, akihubiri siku ya Krismasi, aliwakemea Wakristo ambao, walipokuwa wakipanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro, waligeuka kwanza na kuliinamia jua linalochomoza. Ukemeaji huo unatuonyesha mambo mawili kwa mpigo: mazoea ya zamani yalikuwa hai, na Kanisa halikuyabariki. Lilichofanya ni kuwaelekeza watu kwa nabii Malaki, aliyeandika kwamba "jua la haki litawazukia, lenye kuponya katika mbawa zake", na kusema kwamba jua hilo ni Kristo.

Tena, tarehe si moja duniani kote. Wakristo wa Kanisa la Tewahedo la Ethiopia na Wakopti wa Misri huadhimisha tarehe 7 Januari kwa sababu wanafuata hesabu ya kale, ambayo sasa iko nyuma ya kalenda yetu kwa siku 13. Kanisa la Kitume la Armenia huadhimisha tarehe 6 Januari, likiunganisha Kuzaliwa na Ubatizo wa Bwana. Mahujaji waliovaa shuka nyeupe wanaojaa mji wa Lalibela, Ethiopia, mwanzoni mwa Januari wanamwadhimisha Bwana yuleyule. Hata mwaka wenyewe haukuhesabiwa sawasawa. Mtawa Dionysius, aliyetuwekea hesabu ya miaka mwaka 525, alikosea kidogo, kwa maana Herode Mkuu kwa makadirio ya wengi alifariki mwaka 4 kabla ya Kristo, na Yesu alizaliwa Herode akiwa hai. Imani haiyumbi kwa hayo, kwa sababu kinachokiriwa ni kwamba alizaliwa kweli, katika historia, chini ya watawala wenye majina.

Wapo pia Wakristo wasioiadhimisha kabisa, wakisema hawaoni amri yake katika Maandiko; Bunge la Uingereza liliwahi kuipiga marufuku mwaka 1647 kwa msimamo wa namna hiyo. Sikubaliani nao, lakini si haki kuwaita watu wasiomjua Kristo.

"Mwenye nyumba ya wageni aliwafukuza, na wafalme watatu wakafika usiku uleule"

Kila mwaka watoto wa Shule ya Jumapili huigiza tukio hili, na yupo daima mtoto mmoja anayefunga mlango kwa kishindo na kusema hakuna nafasi. Katika Injili ya Luka mtu huyo hayupo. Tunaambiwa tu kwamba Maria alimlaza mwanawe horini kwa sababu nafasi haikuwapo katika nyumba ya wageni, na neno la Kigiriki lililotumika hapo, kataluma, ndilo analolitumia Luka baadaye kwa chumba alichokula Yesu Pasaka pamoja na wanafunzi wake. Alipotaka kutaja nyumba ya kulala wageni kwa malipo, katika habari ya Msamaria mwema, alitumia neno jingine. Kwa hiyo wachambuzi wengi wanaona kwamba chumba cha wageni cha ukoo kilikuwa kimejaa watu waliokuja kuandikwa katika hesabu ya watu, na familia ikapelekwa sehemu walipolala wanyama.

Aliyewahi kuingia katika nyumba ya jadi ya Uchagani hahitaji maelezo marefu hapa. Ng'ombe walifugwa ndani, wakaletewa majani na vipande vya migomba, na watu walilala upande wa pili wa nyumba hiyohiyo, wakisikia mifugo ikicheua usiku kucha. Hori lilikuwa hatua chache kutoka kitandani. Nayo desturi yetu ya kusema kila Desemba kwamba Wachaga wanapanda Moshi "kuhesabiwa", ambayo wengi huitamka kwa mzaha, inafanana na habari ya Luka kuliko tunavyofikiri: nyumba ya babu imejaa, wajukuu wanalala chini kwenye mkeka, na anayefika wa mwisho hupewa pembe iliyobaki.

Mamajusi, kwa upande wao, hawakuitwa wafalme na Mathayo, wala hakusema walikuwa watatu; idadi hiyo imetokana na zawadi tatu za dhahabu, uvumba na manemane. Walimkuta mtoto katika nyumba, pengine miezi mingi baadaye, kwa kuwa Herode aliamuru wauawe watoto wa kiume wa miaka miwili na chini yake. Ng'ombe na punda tunaowaweka katika pango la sanamu za Krismasi hawatajwi katika Injili yoyote. Walitoka kwa Isaya, aliyelalamika kwamba ng'ombe amjua bwana wake na punda ajua kibanda cha bwana wake, lakini Israeli hajui. Sioni sababu ya kuwaondoa pangoni. Wanatuuliza swali la Isaya.

Mengine yanajibika kwa ufupi. Sikukuu ya Kukingiwa Dhambi ya Asili, tarehe 8 Desemba, inahusu Maria alipotungwa mimba tumboni mwa mama yake, wala si mimba ya Yesu. Yeremia sura ya 10, inayosomwa mara nyingi dhidi ya mti wa Krismasi, inazungumzia sanamu iliyochongwa na kuabudiwa. Tarehe 26 Desemba, iitwayo Boxing Day, haihusiani na ngumi, hata kama mapambano hupangwa siku hiyo. Kwa Kanisa ni sikukuu ya Stefano, shahidi wa kwanza.

"Bila nguo mpya na pilau hakuna Krismasi"

Hapa naomba niseme kwa uzito, kwa sababu nimeona dhana hii ikiwaumiza watu. Mama mmoja wa jumuiya yetu hakuja kanisani Krismasi moja, na nilipompitia baadaye nikamkuta amekaa uani akipepeta mchele kidogo, watoto wake watatu wakiwa na sare za shule zilizofuliwa vizuri. Aliniambia kwamba hakutaka wanawe wawe peke yao wasio na nguo mpya. Sikuwa na la kumjibu ila aibu, kwani sisi tuliokuwa mabenchini ndio tuliomfundisha kwamba mlango wa kanisa siku hiyo hupitwa kwa viatu vipya.

Luka anaeleza kwamba wazazi walipompeleka mtoto Hekaluni walitoa sadaka ya jozi ya hua, au makinda mawili ya njiwa. Ukifungua Mambo ya Walawi 12:8 utaona kwamba hiyo ilikuwa sadaka ya mama asiyeweza kumudu mwana-kondoo. Yosefu na Maria walisimama katika foleni ya maskini, na mtoto mikononi. Anayekula pilau na ale kwa shukrani, kwa maana furaha ya mwili ni haki yake siku ambayo Mungu alitwaa mwili. Lakini sare ya shule iliyofuliwa iko karibu zaidi na nguo za kitoto za Bethlehemu kuliko gauni la dukani.

"Krismasi huisha jioni ya tarehe 25"

Kwa maduka, shamrashamra huanza Novemba na kukoma ghafla. Kanisa huenda kinyume. Dominika nne za Majilio ni za kungoja: rangi ni zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi, na katika pango hori huachwa tupu hadi usiku wenyewe. Kisha sherehe haikatiki. Tarehe 28 tunawakumbuka Watoto Mashahidi waliouawa na Herode, ili asiwepo wa kudhani kwamba habari hii ni ya utulivu mtupu. Tarehe 1 Januari ni ya Maria Mama wa Mungu. Katika parokia nyingi sanamu za mamajusi husogezwa kwenye hori siku ya Epifania, sherehe ya Bwana kudhihirishwa kwa mataifa, wakati mabasi ya Moshi yamekwisha kushusha abiria wake Dar es Salaam na wengi wamerudi kazini. Kipindi kinafungwa kwa Ubatizo wa Bwana, na katika Injili ya siku hiyo yule aliyelazwa horini ni mtu mzima wa miaka kama thelathini, amesimama ndani ya maji ya Yordani katikati ya wenye dhambi, akingoja zamu yake.