Kati ya shimo na shimo: nyundo inavyotafuta ufa kwenye makaa ya mawe

Wengi wanaotuuliza hapa Nairobi kuhusu makaa ya mawe ya Bonde la Mui, kule Kitui, hutaka kujua ni tani ngapi. Ni nadra mtu kuuliza kama tabaka lenyewe limekatika.

Chukua mashimo mawili ya uchunguzi yaliyoachana mita 500. Moja limekuta makaa mita 40 chini, la pili mita 60. Je, tabaka linateremka polepole, au kuna ufa uliolikata na kulishusha ghafla? Mashimo hayasemi. Mchimbaji anayefuata tabaka la unene wa mita 2 akikutana na ufa ulioliangusha mita 10, mbele yake ni mwamba mtupu. Mashine inasimama. Ufa huohuo waweza pia kumletea maji au gesi ya methani.

Hapo tunaleta nyundo, ya kilo 7 au 8, tunaipiga juu ya bamba la chuma. Mtetemo unashuka, unagonga tabaka, unarudi, na jiofoni, yaani vihisi vya mtetemo, zilizochomekwa ardhini kwa mstari zinaunasa. Makaa huitikia vizuri kwa kuwa ni mepesi kuliko mawe ya mchanga yanayoyazunguka, na mtetemo hupita ndani yake polepole zaidi. Kwenye picha inayotokana na mitetemo hiyo, tabaka huonekana kama uzi. Penye ufa, uzi unakatika na kuanza tena chini au juu kidogo. Kwa kina kirefu zaidi nyundo haitoshi, inabidi kuangusha uzito kwa mashine au kutumia baruti kidogo.

Tukiwafunza wanafunzi uwanjani jijini, adui ni magari ya matatu. Moja likipita barabarani, skrini yote inachafuka. Hata aliyeondoka kwenda kuchukua soda yake, nyayo zake tunaziona. Kwa hiyo tunapiga palepale mara kumi na kujumlisha: kelele zinafifia, mwangwi unakua.

Lakini mtetemo wa mizunguko 100 kwa sekunde, ukisafiri mita 2,000 kwa sekunde, una urefu wa wimbi wa mita 20. Kwa kawaida tunachoweza kutofautisha ni robo yake, yaani mita 5. Ufa ulioshusha tabaka mita 1 tu unapita hivihivi. Ukiletewa picha safi na kuambiwa hakuna ufa, uliza kwanza mizunguko ilikuwa mingapi.

Uliza pia kama mstari ulipita juu ya shimo lililokwisha kuchimbwa, kasi ya mtetemo ikapimwa humo. Kama haukupita, kina kwenye picha hiyo kiko kwa milisekunde, yaani muda wa mtetemo kwenda na kurudi, na mita zake ni za kukisia.