Maji baridi hayaiokoi sufu

"Lakini fundi, tumefua kwa maji ya baridi!"

Maneno haya nimeyasikia tena Jumatatu, na safari hii nimeona bora niyaandikie nimalizane nayo. Mama aliyeyasema alikuwa na mfuko wenye kitambaa cha sufu cha kijivu, kile kizito cha makoti, mita tatu, alichotumiwa na binti yake aliyeko Uingereza. Nilipokitandaza mezani hakikulala. Kilisimama kama kipande cha zulia. Nikapima: upana uliotoka dukani ukiwa sentimita 150 sasa ni 124, na zile mita tatu zimebaki mbili na sentimita 58. Mfumo wa nyuzi hauonekani tena, ukikwaruza kwa ukucha unapata manyoya tu. Koti halikutoka. Kilichotoka ni kizibao, na hata hicho nimekishona kwa sindano namba 18, cherehani ikilalamika.

Mimi nashonea Njombe. Maji ya bomba hapa mwezi wa Julai yanauma vidole mpaka kwenye mfupa. Kama baridi ingekuwa kinga, mji huu usingekuwa na sweta hata moja lililobana.

Dhana yenyewe ni kwamba joto ndilo linaloiharibu sufu, hivyo ukishakwepa maji ya moto umesalimika na unaweza kufua utakavyo. Nusu ya kwanza ina ukweli kidogo. Nusu ya pili ndiyo inayonishonesha vizibao.

Chukua unywele mmoja mrefu. Ushike shinani, upitishe vidole kuelekea nchani: unateleza. Sasa pitisha kutoka nchani kwenda shinani: unakwama-kwama. Hayo ni magamba, yamepangwa kama ya samaki, yote yameelekea nchani. Unyuzi wa sufu nao ni nywele, ya kondoo, na magamba yake yamesimama kuliko ya kwetu. Ukiulowesha na kuusugua, unasogea upande mmoja tu, kule liliko shina, kwa sababu ukijaribu kurudi magamba yanaukatalia. Fikicha mara kumi, nyuzi zimesogeleana. Fikicha mara mia, zimeingiliana na kukazana, na hakuna wa kuzifumua. Watengenezaji wa kofia na matandiko ya farasi wanafanya hivyo makusudi: maji, sabuni, na kusugua. Dada wa kazi wa yule mama alifanya hivyohivyo kwenye beseni la uani, kwa nia njema.

Usiyeamini, mtazame rasta. Kijana akitaka kuanza kufuga rasta hachemshi kichwa. Analoanisha nywele, anazisokota kwa viganja, kesho tena, wiki baada ya wiki, mpaka zishikane. Umewahi kusikia rasta anamwambia kinyozi, "hazitashikana, nilitumia maji baridi"?

Na upande wa pili, sufu hutiwa rangi viwandani ndani ya maji yanayokaribia kuchemka, kiasi cha saa nzima, na inatoka ikiwa nguo. Inatoka salama kwa sababu maji yale yana asidi kidogo na kitambaa hakifikichwi. Joto linaharakisha tu yale ambayo mikono imeanzisha. Mikono yako ikitulia, maji ya vuguvugu hayana ubaya. Mikono yako isipotulia, hata barafu haitakusaidia.

Nilimuuliza mama sabuni gani ilitumika. "Ya mche, fundi, ile nzuri." Haya. Sabuni ya mche ina alkali, na sufu ikikutana na alkali inavimba, inalegea, nyuzi zinatembea kwa raha zaidi. Ya unga ni mbaya zaidi, maana nyingi zimetiwa vimeng'enya vya kula madoa ya damu na mayai, yaani protini. Sufu yote ni protini. Unakitia kitambaa kwenye beseni pamoja na kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kukila.

Jiki ndiyo usiisogeze kabisa. Siku moja nilichoka kueleza nikatia uzi wa sufu kwenye glasi ya jiki isiyochanganywa na maji, na pembeni uzi wa polista kwenye glasi nyingine, nikawaacha wanafunzi wangu wa cherehani watazame. Ule wa sufu uligeuka njano, ukatoa viputo, ukayeyuka, hakubaki cha kuokota. Wa polista ulikaa vilevile hadi tulipofunga duka.

Ninachotumia mimi ni shampuu ya nywele, ya kawaida, isiyo na kondishena. Wateja hucheka. Wacheke. Nywele na sufu ni mali ya aina moja, na hakuna anayeosha kichwa kwa sabuni ya unga.

Sasa nieleze kwa nini tunaisumbua sufu kabla ya kushona, maana hapa pana mkanganyiko wa pili ambao Kiswahili chenyewe kimeshautatua. Nguo ikipungua baada ya kuonja maji tunasema "imerudi". Neno hili lina akili. Kiwandani kitambaa huvutwa wakati wa kufumwa na kukaushwa, kisha kinazungushwa kwenye gogo kikiwa bado kimevutika. Kikionja maji au mvuke kwa mara ya kwanza kinarudi kilikotoka. Hilo ni jambo la asilimia chache, linatokea mara moja au mbili, kisha linakwisha. Ndilo tunalolitaka litokee kabla ya mkasi. Mguu wa suruali wenye sentimita 80, kitambaa kikirudi kwa asilimia 4, unapoteza sentimita 3 na ushei, na hapo mwenye suruali anaonekana kama anavuka mto. Kushikamana, kule kwa zulia la yule mama, ni kitu kingine kabisa. Hakuna mwisho, kila ukifikicha kinaongezeka. Kilichorudi unaweza kukivuta kidogo kwa mvuke. Kilichoshikamana ndiyo basi, na usiniletee habari za kukiloweka kwenye kondishena.

Kwa hiyo kazi yetu ni kukiachia kitambaa kirudi bila kukipa nafasi ya kushikamana. Kwa sufu ya koti mimi sifui kabisa, natumia shuka. Nalowesha shuka kuukuu la pamba, nalikamua mpaka lisidondoke tone, nalitandaza juu ya jamvi, naweka sufu juu yake, kisha navikunja pamoja kama unavyokunja mkeka. Nafunika na nailoni, nalala. Asubuhi nafungua, nakitandaza kitambaa kivulini mpaka kikauke chenyewe, sikivuti pembe. Mafundi wa suti wa London wamekuwa wakifanya jambo hilihili miaka mingi, kwa nguo mbichi za pamba katikati ya sufu, na hadi leo huko kitambaa kilichopitishwa njia hiyo huuzwa kwa kutajwa jina la mji wao.

Kama nguo itakuja kufuliwa kwa maji nyumbani, sketi isiyo na bitana kwa mfano, basi kitambaa nacho kifuliwe kwanza, lakini kwa adabu. Zungusha ovaloki au zigizaga, mishono ya kuzuia nyuzi zisifumuke, kwenye kingo mbili zilizokatwa. Maji yawe ya nyuzi joto 30 hivi, shampuu itangulie kuyeyuka ndipo kitambaa kiingie. Kizamishe, kibonyeze kwa viganja, kiache dakika kumi. Suuza kwa maji yenye joto lilelile, na kwenye suuzo la mwisho tia kijiko cha siki kwa ndoo ili kuondoa mabaki ya alkali. Usikamue. Kilaze kwenye taulo, kunja, kanyaga kwa miguu mitupu. Ndiyo, kanyaga, kilichokunjwa ndani ya taulo hakisuguani.

Kabla ya yote hayo kata kipande cha sentimita 20 kwa 20, kipitishe njia hiyohiyo, kipime kikikauka. Kikirudi na 19, unajua ni asilimia 5, unajua kwenye mita tatu utapoteza sentimita 15, na unajua kama kitambaa kinatosha. Wateja wengi hawataki nikate kipande. Wanaona nawaibia. Sentimita 20!

Dhana nyingine ninazozisikia nazipitia haraka.

"Sufu haifuliwi, ni ya drai klina tu." Kondoo ananyeshewa mwaka mzima. Kinachokatazwa kufuliwa ni koti lililokwisha shonwa, lenye bitana, kanvasi (kile kitambaa kigumu cha ndani kinacholishikilia umbo) na mabega ya kujazia, kwa sababu kila kimoja kinarudi kwa kipimo chake. Halafu kuna wanaopeleka kitambaa kizima drai klina wakidhani ndiyo wamekiandaa. Dawa ya kule si maji, haiivimbishi sufu, kwa hiyo kitambaa hakirudi. Labda pasi ya mvuke ya mwishoni ikisaidie kidogo.

"Sitaifua kamwe, kwa hiyo haina haja." Mama, hata wewe usipofua, mimi nitapiga pasi. Kwenye kola na kifuani nabandika kanvasi ya gundi kwa joto na mvuke. Sufu ambayo haijarudi inarudi palepale chini ya pasi, kanvasi inabaki na ukubwa wake, na kifua cha koti kinaota malengelenge. Hapo lawama ni za fundi.

"Kitambaa cha bei hakirudi." Bei haina maji ndani yake. Kipo cha bei nafuu kilichorudishwa kiwandani na kipo cha ghali ambacho hakijaguswa. Muulize muuzaji, kisha pima kipande chako hata kama amekuapia. Ile sufu inayoandikwa kwamba inafuliwa kwa mashine magamba yake yamedhibitiwa kiwandani, yamepunguzwa au yamefunikwa. Hiyo haishikamani kirahisi, lakini kurudi inarudi.

"Loweka kwenye chumvi ili rangi ishike." Hii tumeirithi kwenye vitenge na inatufuata kila mahali. Rangi ya sufu ilishikishwa kwa asidi na moto. Chumvi ya jikoni haiongezi kitu. Ukitaka kujua kama inachuja, weka kitambaa cheupe kibichi juu yake, bonyeza pasi, tazama.

"Fundi, hii ni sufi halisi." Sufi inatoka kwenye msufi, tunajazia mito. Sufu inatoka kwa kondoo. Na nyingi ninazoletewa si hiyo wala hiyo. Chomoa uzi mmoja wa urefu na mmoja wa upana, uchome kila mmoja peke yake. Sufu inanuka nywele zilizoungua, ukiondoa moto inazima, jivu lake linasagika vidoleni. Polista inatoa moshi mweusi, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Tunachoma zote mbili kwa sababu kuna vitambaa ambavyo sufu imo upande mmoja tu, na upande wa pili ni plastiki.

"Anika kwenye kamba, kitakauka haraka." Sufu hubeba unyevu mpaka karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujauhisi mkononi, na ikilowa inapungua nguvu. Mita tatu mbichi zikining'inia kwenye kamba zinajivuta zenyewe, na ile alama ya kamba katikati utakuja kuikuta mgongoni mwa koti. Ilaze.

Na pasi. Usiiburute juu ya sufu ikiwa uchi, itang'aa kama suruali ya dereva wa basi pale anapokalia. Weka marekani yenye unyevu juu, shusha pasi, hesabu tano, inua, hamia pembeni. Marekani isiyo na rangi, si kanga. Niliwahi kuacha ua jekundu la kanga kwenye paja la suruali ya bwana harusi, Ijumaa jioni, harusi Jumamosi.

Mama wa kizibao anasema binti atatuma kitambaa kingine mwezi wa kumi na mbili. Nimemwomba akilete kikiwa bado ndani ya karatasi ya dukani. Amekubali, kisha akiwa mlangoni akageuka: "Kwa hiyo fundi, niwaambie wafue kwa maji ya moto?"